Jina la Paluku Nililompa Mwingine

Yaya Paluku, kaka yangu mkubwa wa bendi, unayenisikia au uliyekwisha kuzima redio,

Nimemuomba mtangazaji asome barua hii mbele ya watu wote, juu nilikukosea mbele ya watu. Kosa la hadharani haliombewi msamaha chumbani.

Unakumbuka ile depo ya kahawa ya baba yako, pale Butembo? Tulikuwa watatu: wewe na gita, mimi na besi, na yule wa ngoma aliyepiga kwa nguvu mpaka vumbi la kahawa linatushukia kichwani. Tulipiga chafya zaidi kuliko tulivyoimba. Ulitaka gita yako ikorome, sawa vile rock ya kaseti zako. Ukashika wembe, ukapasua karatasi ya spika ya redio ya baba, ile tuliyochomekea gita. Ee Mungu! Sauti ilitoka, na baba naye akatoka. "Mupumbafu weye! Redio yangu imekukosea nini?" Ukamjibu, "Papa, sasa ndiyo inasema kweli." Ulichapwa, mais hukujuta hata kidogo.

Ni wewe uliyetupa majina. Kwetu Wanande jina linasema mtoto amezaliwa wa ngapi: mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Nyumbani kwetu mimi ni wa tano, lakini kwenye bendi ukaniita Kambale, juu niliingia wa pili. Mwenye ngoma akawa Kasereka. Wewe mwenyewe Paluku, bila kuuliza mtu. "Ni mimi nimeianzisha, hapana?" Nilikuchukia dakika mbili, kisha nikakubali. Hakuna aliyenipenda kama wewe, yaya, hata wale wa tumbo moja nami.

Kisha vita. Vijana wakawa wanakamatwa njiani kubebeshwa masanduku ya askari, donc baba yako akakutuma Kasugho kwa mjomba, ukalime msituni. Asubuhi ile ulitia gita katika mfuko wa kahawa. "Mudogo, munichungie fasi yangu. Nitarudia." Nikaapa kwamba nafasi yako tutaichunga. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu.

Miezi mingi tulinyamaza. Halafu akaja Didier, mtoto wa mwalimu aliyetumwa kutoka Kisangani. Kijana mzuri, sitamsema vibaya. Alipiga seben tamu, ile gita ya kuchezesha, na watu wakaacha kuziba masikio, wakaanza kucheza. Ile spika iliyopasuka tukaibadilisha. Nyimbo zako za Kinande akaziimba kwa Lingala. Tukapendwa, yaya. Na mimi nilipenda kupendwa, niache niseme ukweli.

Ikafika ile Jumapili ya Beni, mchana, kwenye ukumbi wa parokia. Watu walikuwa wamesikia majina yetu tu, sura hawazijui, wakaanza makelele: "Paluku! Tunataka Paluku!" Nikachukua mikro, kichwa kimenivimba, nikamshika Didier bega. "Paluku ni huyu hapa!" Wakashangilia. Nikainua macho, nikakuona mlangoni. Matope mpaka magotini, mfuko wa kahawa mgongoni. Ulitoka Kasugho kwa miguu kutufuata. Ulinitazama, ukageuka, ukaenda. Na mimi, mshenzi, nikaendelea kupiga besi mpaka mwisho wa wimbo.

Kwetu hata Paluku akifa, anayezaliwa nyuma yake anaitwa Kambale. Maiti hatumnyang'anyi nafasi yake. Wewe nilikunyang'anya ungali unapumua, tena nikicheka.

Didier alipoelezwa alinijia na machozi. "Mbona hukuniambia? Mi nilizani ni jina ya kuchezea tu. Muniite Didier." Tangu siku ile ni Didier. Vita vimepita, Kasereka na sisi wawili tunapiga kwenye harusi na ubatizo, na tunapiga vizuri. Juzi, kule Kipese, mama mmoja akatuambia muziki yetu inalalishaka mutoto wake muzuri. Alikuwa anatusifu, maskini, hajui wewe ulitaka ikorome. Nilienda nyuma ya gari nikalia, na Kasereka akaja akasimama karibu yangu, juu yeye pia alikuwa anakuwaza.

Nyinyi watu wa Beni mliokuwa ukumbini, sikilizeni: niliwadanganya. Paluku alikuwa yule wa mlangoni.

Yaya, sikuombi upige gita tena. Sikuombi hata unisamehe leo. Kuja tu nyumbani kwangu unitukane, kwa sauti kubwa, mbele ya mke wangu na batoto, na majirani wakitaka wasikie. Nitakaa chini nikusikilize mpaka umalize. Kunyamaza kwako ndiko nisikoweza tena kuvumilia.

Mimi mdogo wako, wa pili,
Kambale