Tulizika Bendi ya Mjomba Ikiwa Hai

Shangazi Mariam Poni, salamu nyingi kutoka Awindiri, hapa hapa Arua, mimi ni msikilizaji wako wa kila Alhamisi na sikudhani hata siku moja nitakuandikia, maana nilizoea kuwacheka wanaokuandikia, lakini leo nimekwama na Jumamosi iko karibu, kwa hiyo nisaidie, na tafadhali sana usitaje jina langu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya vyuma, nina mke mmoja, Peace, na ni mwenyekiti wa mashabiki wa Ngurumo ya Koboko upande wa Arua. Ngurumo unaijua, Shangazi, bendi ya roki, magitaa ya umeme na ngoma za kuvunja masikio, sisi tumekua nayo tangu tukivaa kaptura, na mwimbaji wake, yule anayepiga gitaa la mbele, ni Lino Tongun, mdogo wake marehemu mama yangu, yaani ni mjomba wangu kabisa, wa damu.

Sasa Ngurumo walikaa miaka mingi hawajatoa kitu, tunangoja, tunasali, mwezi huu wakatoa albamu mpya, tukakusanyika kwa Hamdani mwenye bodaboda kwa sababu ana spika kubwa, tukavaa fulana zetu za zamani ambazo kwa wengine hazifiki tena kitovuni, tukachomeka flashi. Mama yangu wee! Wimbo wa kwanza, ngoma ya mashine, Shangazi, ya mashine, tu-tu-tu kama kuku anadonoa bati. Wimbo wa pili, kinanda. Wa tatu, sauti ya mjomba imepitishwa kwenye kompyuta mpaka inatetemeka kama ya mtu aliyekalia mashine ya kusaga. Hamdani akashika kichwa, akasema, "Hii si Ngurumo. Hii iko matangazo ya sabuni." Wimbo wa nne ukaanza polepole, gitaa moja tu, hakuna ngoma, mjomba anaimba kama anaongea, haujafika nusu Hamdani akachomoa flashi na kuanza kulia machozi ya kweli, maana alimtongoza mkewe kwa nyimbo za Ngurumo, na mke ameshaondoka, alikuwa amebaki na bendi tu.

Mashabiki wa mahali pengine wangetukana kwenye simu wakalala, lakini sisi watu wa hapa tunajua kulia msiba, na wazo lilikuwa langu, siwezi kukuficha. Nikasema bendi imekufa, tufanye matanga. Tukatandika turubai, maharagwe yakapikwa, kwete ikaja kwenye majerikeni na wanywaji wake wakaja nyuma yake, flashi tukailaza ndani ya boksi la viatu, tukachimba shimo nyuma ya banda la mbuzi la Hamdani, na mimi kama mwenyekiti nikakaa mbele kama mkuu wa wafiwa. Kila mtu alijua ni mzaha, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Peace peke yake alikataa kuja. Akasema, "Munazika mutu mwenye bado anakula? Mimi sitaki."

Kumbe habari zimefika Koboko. Tukiwa tumeshika boksi, bodaboda ikaingia, akashuka mjomba mwenyewe, amevaa koti, kofia iko mkononi, kama mtu aliyekuja msibani kwelikweli. Na unajua, Shangazi, kwetu mtu akizikwa lazima watu wa upande wa mama yake wafike, na kabla mwili haujashuka wanasimama na kuuliza mtoto wao ameuawa na nini, na wafiwa lazima wajibu. Basi mjomba akasimama pale kando ya shimo.

"Mimi iko upande ya mama. Nimekuja kuuliza. Nini iliua hii mutu?"

Watu wakacheka, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Nami nikasimama, kwete imeshanipanda kichwani, nikajibu kwa sauti kubwa, "Ni ngoma ya mashine, mjomba. Na ule wimbo wa nne, hauna kichwa wala miguu."

"Ile ya ine, ulisikia mpaka mwisho?"

"Nusu."

"Silvester, mutoto ya dada yangu," akasema. "Nusu?"

Akaketi, akapewa maharagwe, akala, akanawa mikono, akawashukuru wapishi, akapanda bodaboda akarudi Koboko, na sisi tukazika.

Haikupita wiki, Asiku, yule mpiga besi wao, akaja mlangoni kwangu amebeba gitaa la mjomba, lile jekundu ambalo kila shabiki analijua. Akalisimamisha ukutani, akasema, "Mutu akikufa, vitu yake inagawanywa. Mutoto ya dada anapata yake. Mjomba yako anasema yako ndiyo hii. Jumamosi hakuna kupiga, kama haina gitaa, haina bendi." Na Jumamosi ndiyo uzinduzi wa albamu kule Koboko, Shangazi, matangazo yamebandikwa mpaka Omugo!

Mwanzoni nilijidai. Mashabiki walikuja kupiga picha na gitaa, tukasema tumeshinda, Hamdani akataka litundikwe sebuleni kwake chini ya saa. Kisha juzi nachomelea geti la mtu uani, Peace anafua, simu yake iko juu ya tofali inaimba, na ni wimbo ule wa nne, nikataka kumwambia azime lakini mikono ilikuwa na kazi, wimbo ukafika nusu, ukapita nusu. Kumbe ni habari ya watu waliokimbilia Kongo wakati wa vita, kitoto kiko mgongoni kwa dada yake, njia ni ndefu, na mwishoni mjomba anaimba hivi:

Keji, weka mimi chini, mugongo yako imechoka.
Keji anasema, nyamaza, mupaka iko karibu.

Shangazi, Keji ni mama yangu. Mama alituambia tu kwamba walikimbia, hakuwahi kusema alimbeba mtu. Sikuivua ile miwani ya kuchomelea, nikalia humo ndani, moto umezima na mimi bado nimeinama kwenye geti, Peace akaniangalia akaendelea kufua. Tangu siku hiyo nausikiliza chooni, na hedifoni masikioni, majirani wanadhani tumbo limeniharibikia, mmoja ameniletea dawa.

Sasa nifanye nini? Nikirudisha gitaa, Hamdani na wenzake wataniita msaliti, mtu aliyezika mbele ya watu kisha anafukua kwa siri, na nisiporudisha, mjomba haimbi tena maisha yake yote, na mjomba wa upande wa mama akikaa na kinyongo juu yako wewe mwenyewe unajua si jambo la kulala nalo. Nimewaza kulifunga gitaa ndani ya gunia la mihogo mikavu, nilipakie kwenye lori la mizigo bila jina, lifike Koboko kimyakimya. Au nimtumie ujumbe wa simu? Na lingine, Shangazi, ngoma ya mashine bado naichukia, hapo siwezi kudanganya.

Ni mimi, Mfiwa wa Awindiri.

*

Mfiwa, pole. Pole hiyo ishike vizuri, maana hakuna nyingine.

Umeniomba nisitaje jina lako, kisha umeliandika mwenyewe katikati ya barua, nami nimeisoma hewani kama ilivyo. Na hata ungelificha, wachomelea mageti wa Awindiri ambao ni wenyeviti wa mashabiki wa Ngurumo wako wangapi? Hamdani ameshasikia. Hata ya chooni ameyasikia. Kwa hiyo mambo ya gunia la mihogo yamekwisha, tuongee kama watu wazima.

Kutopenda albamu si dhambi. Mimi mwenyewe ni mtu wa Ngurumo tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi bila kupakwa kitu, na huo wimbo wa tatu umenishinda, nimeujaribu nikiwa na njaa na nikiwa nimeshiba. Shabiki ana haki ya kununa. Wewe hukununa, wewe ulichimba shimo! Na mwenye msiba alipokuja kwa adabu zote kukuuliza kilichoua, ukaulaumu wimbo ambao hujaumaliza. Mwanaume mzima na ndevu zake. Mteja akija kwako utamchomelea nusu ya mlango umwambie nenda ukafunge nyumba?

Tena unadhani aliudhiwa na mzaha. Angeudhika na mzaha asingekula maharagwe yenu. Mtu huyu amepiga kelele za magitaa maisha yake yote, na safari hii akaziweka zote kando, akaimba habari ya dada yake peke yake, na kama kuna mtu mmoja duniani aliyetaka ausikie, ni wewe, mtoto ambaye dada huyo alimwachia. Ndiyo maana hakukuuliza kingine ila kama ulifika mwisho. Alikufungulia mlango utoke kwenye aibu, nawe ukamjibu "nusu". Nasema haya nimekasirika, Silvester, unisamehe. La, usinisamehe.

Na huyo Peace, unadhani ile simu ilifika juu ya tofali kwa bahati tu, sauti imefunguliwa, wewe una mikono yote miwili kwenye geti? Ukitoka Koboko mletee kitenge, na kiwe kizuri.

Sasa sikia. Kesho nenda kwa Hamdani, waite wote waliokula matanga yako, ufukue lile boksi mbele yao. Kwetu aliyesimama kuzika ndiye anayesimama kumaliza msiba, kwa hiyo simama. Waambie ngoma ya mashine huipendi na utamwambia mjomba mwenyewe uso kwa uso, hilo ni lako na hakuna wa kukunyang'anya. Kisha weka wimbo wa nne, na wewe mwenyewe ukae kati ya Hamdani na spika, asichomoe kitu. Atakayeondoka aondoke. Wakikuvua uenyekiti, wape na fulana, haikutoshi hata hivyo. Hamdani atalia tena, mwache alie, safari hii atakuwa na sababu ya maana.

Jumamosi nenda Koboko mchana, watu wote wakikuona. Usimtume Asiku, usimtume dereva wa lori, usitume ujumbe wa simu. Mjomba wako atakuuliza tena mbele ya watu kama ulisikia mpaka mwisho, watu wa namna hiyo nawajua, hawaachi swali lao njiani. Mjibu kwa jina la mama yako, kisha unyamaze.

Na kutoka stendi mpaka mnapozindulia ni mwendo, jua la Koboko unalijua, na gitaa hilo si jepesi. Atatokea mtu mwema akuambie umechoka, uliweke chini upumzike. Mkatalie. Libebe mgongoni mpaka umfikishie.