Gome Badala ya Kemia

Mama Atieno,

Binti yetu amepoteza kipindi cha kemia cha kila Jumanne tangu muhula huu uanze, na hakuna aliyeniambia. Hamjambo huko Busia? Hapa Kamwokya mvua haikatiki, ila mimi ni mzima.

Leo Jumanne, saa ya kemia, nilipita shuleni kwake bila kutangaza. Nikamkuta bandani, nyundo ya mbao mkononi, anaponda gome la mti wa mutuba kutengeneza lubugo, kile kitambaa Waganda wanachozikia wafu wao. Mwalimu wa sanaa na wa sayansi walisimama pamoja, wote wanatabasamu. Nikajua kuna jambo.

"Sebo, bwana wangu, usiogope, hapa sanaa na sayansi ni somo moja," akasema yule wa sanaa.

Mimi niliyeanza maisha kwa kuchomelea mageti, tabasamu halinilaghai. Nikauliza, "Gome limekuwa pana mara nne. Hiyo nyongeza imetoka wapi?"

Kabla walimu hawajafungua mdomo, Atieno akanijibu: "Hakuna kilichoongezeka, Baba. Limekuwa jembamba tu. Si una kipimo chako cha unene wa bati mfukoni? Lipime."

Nikalipima pamoja na kipande ambacho hakijapondwa: unene umebaki robo. Ni kweli.

Hata hivyo sijaridhika. Mtoto anataka udaktari, na kemia haipondwi kwa nyundo. Walimu wanasema mzazi mmoja alikubali kwa simu. Si mimi.

Nawakumbuka sana, wabusu wadogo. Kadi hii inakuja na basi la jioni. Nipigie kesho kabla ya saa sita mchana uniambie: ni wewe uliyekubali, ndiyo au hapana?

Baba Atieno