Pampu Ndani ya Kiondo

Mwaitu, mama yangu,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai imepoa. Kesho tunaenda Sultan Hamud kupanda gari la Nairobi, mimi na mdogo wako Kalondu, na bado roho haijatulia. Ungekuwepo ungenifokea, "Kaa chini, wewe si kuku!" Siwezi, Mama.

Maumivu ya mgongo yamemshika vile yalivyokushika wewe. Lakini daktari anasema ugonjwa wake unaenda polepole, anaweza kuishi nao miaka. Ametupa njia mbili. Kuna pampu ya nje ya dawa ya maumivu kama yako, sindano chini ya ngozi na dawa ya kubadilishwa kila siku. Hiyo ni ya muda, haina upasuaji. Ama ile ya kudumu: anapasuliwa, inawekwa chini ya ngozi ya tumbo, mrija unapeleka dawa mgongoni, na kila baada ya miezi kadhaa tunarudi ijazwe. Watamjaribu kwanza waone kama dawa itamfaa.

Mimi nilitaka ya nje. Kisu nakiogopa, na yako niliizoea. Unakumbuka ulivyokataa ule mfuko mweusi wa hospitali? "Nitafanana na makanga wa matatu!" Ukajisukia kiondo kidogo, ukatia mashine humo, ukatembea nayo sokoni Mbumbuni kama hakuna kitu.

Na ile siku ya Matiliku! Tulienda kumsalimia Mama Mutheu, rafiki yako. Ukasinzia kwa kiti, kiondo kando yako, mrija umefichwa na leso. Akafanya vile kila mama wa kwetu hufanya, maana kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Akakijaza mbaazi! Mrija ukabanwa, mashine ikaanza kupiga kelele, na kabla hatujajua shida ni nini maumivu yalikuwa yamerudi. Ulilia, Mama. Sitaki kukumbuka ulivyolia. Halafu dawa iliposhika ukacheka: "Lakini mbaazi zake ni nzuri."

Jana nilimpelekea Kalondu kiondo hicho, nikijua atakipenda. Akakishika, akakinusa, akanirudishia.

"Ya nje ilimfaa dada yangu, siku zake zilikuwa zimebaki chache. Mimi bado nina shamba. Waniwekee ile ya ndani. Hicho kiondo kiache kibebe mbaazi."

Nilikasirika, wacha tu. Nikatoka nje nikalima pale nyuma ya jikoni bila sababu, mpaka jasho likanitoka. Ndipo nikaona ni nini kinaniuma. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumlilia, na yeye anangoja mvua apande.

Basi tunaenda. Bado naogopa, sitakudanganya.

Lala salama, Mwaitu. Nakuahidi siku ya kujaza pampu haitanipita, hata mito ikifurika. Na Kalondu akipona kidonda, tutaenda naye Matiliku kwa Mama Mutheu. Kiondo chako tutakibeba kikiwa kitupu.

Mwanao,
Mwende