Mpaka Aliouweka Mama Zaina

Jumatatu, 24 Februari

Mlio mmoja. Mfupi, umekatwa kabla haujaisha. Tangu jana uko kichwani, hata ninapopiga mswaki.

Ni bipu ya Sefu, nahodha wa mtumbwi wetu. Alikwenda Kabimba kuchukua wanaokimbia vita. Manahodha hawana pesa za kupiga simu, wanabipu tu: moja, tumefika, mbili, tunachelewa, tatu, tuna shida. Mashine ya biro, kompyuta ya ofisi yetu, inahesabu. Ilihesabu moja. Mama Zaina, dada yake Sefu, anayeitunza mashine, alicheka: "Njo amefika ule mubishi. Sasa anamaliza samaki ya watu."

Leo kazi ileile. Foleni ya kuandikisha wakimbizi bandarini haipungui.

Jumanne, 25 Februari

Watu wa Kabimba wamepiga simu. Wanamngoja Sefu. Hawajamwona.

Alhamisi, 27 Februari

Nimejaribu mwenyewe. Foleni ilipokuwa imejaa, nikabipu mara tatu kwa simu yangu. Mashine ikahesabu moja.

Nikaanza kutafuta kosa ndani ya mashine.

Mashine ni moja, kazi mbili: kuandikisha watu na kupokea bipu. Mama Zaina aliiwekea mpaka programu ya kuandikisha, isifungue njia nyingi kwa pamoja, bipu zipate pa kupita. Juu ya mpaka aliacha akiba ya dharura, na ni mtu tu wa kuamua kuupandisha mpaka kuifikia. Lakini mwezi uliopita tuliongeza maktaba, msimbo ulioandikwa na watu wa mbali. Kila programu ikiwashwa, maktaba inaupandisha mpaka yenyewe, hadi akiba yote iishe na bipu zikose njia. Haiulizi. Haisemi. Walioiandika wanaeleza kwamba ni kumpunguzia mtumiaji usumbufu.

Nalichukia neno hilo.

Ijumaa, 28 Februari

Wavuvi wameukuta mtumbwi, umepinduka. Sefu hayupo.

Nimemwambia Papa Kisimba, mkuu wetu, kwamba maktaba haina haki ya kugusa mpaka. "Mutoto, ukiitoa, foleni itasimama. Watu watalala inje na mvua. Utawaambia nini?" Hasemi uongo. Kabla ya maktaba hiyo, programu ilikwama kila siku kwa makosa, na mimi nilifurahi makosa yalipokoma.

Ila makosa yale yalikuwa yanatuita. Tungekuja, tungegombana, Mama Zaina angeamua. Maktaba haijui kazi gani nyingine inaishi ndani ya mashine. Mama Zaina anajua.

Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Alibipu zote tatu?"

Sijui. Afadhali angenipiga kofi.

Jumapili, 2 Machi

Nimekwisha kuitoa. Jana asubuhi, kabla Papa Kisimba hajafika. Si maktaba nzima, mistari ile tu inayopandisha mpaka. Sasa programu ikijaa inakataa, na inaandika kwa herufi kubwa kwamba imejaa, aitwe Mama Zaina. Wenye maktaba nimewaandikia. Papa Kisimba nimemwambia mwenyewe. Hajanisalimia tangu hapo.

Imekataa mara mbili. Watu walinyeshewa. Mama mmoja alinitukana kwa Kibembe, nikaelewa yote.

Mama Zaina alikuja mara zote mbili. Nyumbani kwao hawajaanza matanga, mwili haujapatikana. Mara ya kwanza alitazama mitumbwi mingapi iko ziwani, akapandisha mpaka kidogo kwa mkono wake. Mara ya pili mitumbwi ilikuwa mingi, akasema wangoje.

Wakangoja.