Mahali Kombora Lilipoangukia

Babu,

Mzinga wa futari ulipolia hapa Doha mwaka huu, nilipanua mdomo kama ulivyonifundisha. "Ziba masikio, fungua mdomo, mshindo upite!" Rafiki yangu Suzan akacheka hadi akashika mbavu. "Rehema, unangoja tende ijidondokee yenyewe?"

Simu za Ijumaa zimebadilika tangu ulipotuacha. Bibi huongea taratibu, wala hatuhitaji kuiweka simu mbali na sikio. Sikujua kwamba ningezikosa kelele zako za mpiga mizinga asiyesikia vizuri.

Historia ya kikosi chako cha mizinga nimeiandika yote. Nimeandika ulivyojiunga ukiwa mwembamba, hata wenzako wakauliza nani atambeba nani, wewe au kombora. Nimeandika mlivyousukuma mzinga kwenye tope la Kagera lori lilipokwama, na jinsi mlivyoupa jina la mama mkwe wa koplo kwa sababu, ulisema, "ulinguruma kabla hujaugusa." Mwalimu wa historia aliposikia, akanitaka niisome darasani. Mimi, Babu, ambaye hata kuagiza karak, ile chai yao ya maziwa, naona haya!

Lakini aibu hiyo haikuwa tatizo kubwa. Sura ya mwisho inafika Masaka, mji wa Uganda mlioupiga kwa mizinga. Suzan ni Mganda, bibi yake anaishi karibu na Masaka, na shuleni sina rafiki mwingine. Baba aliniambia niiruke sura hiyo. "Usichokonoe, mwanangu. Huku tumekuja kutafuta maisha."

Nilikaribia kumtii. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Sisi tulipiga tukiwa nyuma ya kilima. Mwangalizi peke yake, kule mbele, ndiye aliyeona makombora yalikoangukia. Sisi tulisikia redioni tu: ongeza, punguza, hapo hapo." Kila ulipofika hapo ulinyamaza. Wewe, uliyekuwa hunyamazi hata Bibi akikuomba.

Basi nilimpa Suzan karatasi zangu kabla ya siku ya kusoma. Alizisoma ngazini, katika jengo letu huku mtaa wa Muaither, nami nimeinama pembeni nikijifanya kufunga kamba za viatu. Hakucheka. Alitoa simu akampigia bibi yake, akawa ananitafsiria kutoka Kiganda.

Babu, kule mizinga yenu waliiita sabasaba. Bibi yake alijificha migombani na watoto. Aliporudi, ukuta wa jikoni ulikuwa umelala, na sufuria yake ya matoke imetoboka. Jirani yake hakurudi kabisa.

Kisha bibi huyo aliuliza kama babu yangu yu hai. Suzan akamwambia umefariki. Bibi yake akajibu: "Mpe pole sana mjukuu wake. Lakini mwambie, sufuria yangu aliitoboa." Akacheka, kicheko kikavu cha mtu mzima. Mimi nikalia pale pale ngazini, na Suzan akanishika mkono.

Sikuiruka sura ile. Darasani nilisimama, nikafungua mdomo wazi kama mpiga mzinga, mshindo ukapita. Nilisoma hadi kwenye kilima chenu. Hapo Suzan akainuka bila kuitwa, akasoma habari za migomba, jirani na sufuria. Historia ya kikosi chako sasa ina pande zote mbili, na rafiki yangu bado ninaye. Baba ameisoma. Ameomba nakala ampelekee Bibi.

Uliniita koplo, ukaahidi kunipandisha cheo nikimaliza kuiandika. Nimemaliza, Babu. Ninajipa usajini mwenyewe, na najua ungepiga saluti.

Nikija likizo nitakuombea dua kaburini kwako. Halafu nitakwenda Masaka na Suzan, na mzigoni nitabeba sufuria mpya, kubwa, yenye mfuniko. Nitaikabidhi kwa jina lako.

Mola akurehemu. Pumzika hapo nyuma ya kilima. Mimi nimefika mbele yake, ninaona, nami nitakueleza yote.

Mjukuu wako,
Sajini Rehema