Maji Ambayo Mpimaji Hakuyaona

Jumapili, Machi 1. Miezi saba tangu niondoke nyumbani Ishiara kuja kufanya kazi huku.

Wanja, mimi ni mzima, ila mgongo umechoka. Unauliza kama uache kuomba kwa sababu wenzako chuoni wanakucheka. Yule mwanafalsafa wa kale unayemsoma, anayesema hata wanasayansi huamini wasiyoyaona, namwelewa. Najivunia kwamba unamsoma.

Ujanani tulichimba kisima kule Siakago. Nikaomba kabla ya kushuka, mpimaji aliyetuonyesha pa kuchimba akacheka. Mzee aliyetuongoza kazini akamuuliza, "Bwana, hayo maji umeyaona?"

"La, nimepiga hesabu."

"Na huyu anashuka shimoni kwa neno lako tu. Mwache aombe."

Mpimaji akavua kofia. Maji tuliyapata, na hesabu yake naiheshimu mpaka leo. Kuomba pia sijaacha.

Nitarudi Pasaka. Ukitaka, tutaenda kanisani pamoja.

Babu yako