Bosi Kajifungia Nje

Adila, acha unachofanya usome hii. Bosi Mikdad kajifungia nje ya kompyuta yake mwenyewe.

Yeye yuko Lugoba, anaingia kwa mtandao kwenye ile kompyuta ya Linux ya hapa steshenari Kerege, anaiwekea ukuta wa moto, ule ulinzi wa kompyuta, wezi wa mtandaoni wasiingie. Mimi niko naye kwenye simu. Akasema anaanza na "zuia wote".

Nikamwambia, "Kaka, jiruhusu wewe kwanza, utazuiwa na wewe."

"Hajra, wewe darasa la saba. Tulia."

La saba! Na wiki ijayo analeta mtu wa diploma akae kwenye kiti changu.

Akabonyeza. Mara, "Mbona imenitupa nje?"

Nimecheka mpaka wateja wakageuka.

Mimi niko mbele ya mashine yenyewe, siingii kwa mtandao, hainizuii. Akaanza kunitajia cha kuandika, nikamwambia nimeshakuandika ruhusu, jaribu. Akaingia.

"Umejuaje?"

"Miezi minane nakaa nyuma yako, ulidhani naangalia mgongo?"

Nikamuuliza, "Na yule wa diploma, nimwandike ruhusu au zuia?"

Akakohoa weee.

"Zuia, mdogo wangu."